Mgeni na Jembe: Utumishi wa Ugenini katika Elimu ya Ustawi wa Jamii

Kazi ya ustawi wa jamii ina wazazi wawili. Mmoja ni huruma, ambayo haina shule wala mtihani. Wa pili ni maarifa, ambayo hayapatikani bila ya mwalimu. Wazazi hawa hawakuishi siku zote kwa mapatano. Zilikuwako nyakati huruma ilipoyaona maarifa kuwa makavu, na zilikuwako nyakati maarifa yalipoiona huruma kuwa kipofu. Ugomvi wao na suluhu yao huonekana wazi katika maisha ya kundi moja la wanafunzi: wale waliokwenda kwanza nchi za kigeni kutumika kwa kujitolea, kisha wakarejea kwao na kuingia chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Marekani imekuwa na wanafunzi wa namna hii tangu miaka ya 1960, na historia yao yaigusa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea watumishi hao.

Historia hiyo husimuliwa aghalabu kama habari ya mtoaji. Husemwa kwamba kijana fulani aliacha raha ya kwao, akaenda mbali, akawapa watu wa huko nguvu zake, kisha akarudi na moyo mkubwa kuliko aliokwenda nao. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari hii imetokea mara nyingi kwamba aliyepona ni mgeni. Yeye ndiye aliyefundishwa, akasahihishwa na kustahimiliwa, na mafunzo hayo ndiyo aliyoyabeba hata mlangoni pa chuo kikuu. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa si mgeni alitoa nini tu, bali alipokea nini, kutoka kwa nani, na deni hilo limelipwaje.

Kazi hii yenyewe, kama ijulikanavyo Marekani, ilizaliwa katika safari. Mwaka 1884 kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha Toynbee Hall katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London. Fikira yao ilikuwa nyepesi kutamka na nzito kutenda: vijana waliosoma Oxford na Cambridge wasiwatupie maskini sadaka kutoka mbali, bali wahamie kwao na wawe majirani zao. Mwaka 1888 mwanamke Mmarekani aitwaye Jane Addams alifika hapo. Alikuwa na elimu na mali ya kutosha, lakini hakuwa amepata mahali pa kuyaweka maisha yake. Aliporudi kwao aliungana na rafiki yake Ellen Gates Starr, na mwezi wa Septemba 1889 wakafungua Hull House katika barabara ya Halsted mjini Chicago, katikati ya wahamiaji waliotoka Italia, Ujerumani, Urusi na kwingineko.

Mambo ya kwanza waliyowaletea majirani yalikuwa masomo ya vitabu na maonyesho ya picha za sanaa. Majirani hawakuyakataa, lakini shida zao zilionyesha njia nyingine. Palitakiwa mahali pa kuwaacha watoto wa akina mama waliokwenda kazini. Palitakiwa mtu wa kuziondoa takataka zilizokuwa zikioza njiani. Mwaka 1895 Addams aliteuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yake. Bibi aliyekwenda kufundisha uzuri wa picha akajikuta anafuata magari ya taka alfajiri, na katika kuyafuata huko akajifunza serikali ya mji ilivyo, kodi za nyumba zilivyo na magonjwa ya watoto yanavyoanza. Mtaa ulikuwa ndio mwalimu. Mwaka 1931 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Wakati huohuo mkondo wa pili ulikuwa ukichimbwa. Mwaka 1897 Mary Richmond, aliyefanya kazi katika vyama vya hisani, alitaka ianzishwe shule ya kuwafundisha wasaidizi wa maskini. Alikuwa ameona kwamba nia njema peke yake huweza kumdhuru yule inayemkusudia mema. Mwaka uliofuata, 1898, mafunzo ya majira ya joto yalifunguliwa New York, na kutoka mbegu hiyo kikaota kile kilichokuja kuwa kitivo cha ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Columbia. Chicago nayo ilikuwa na shule yake, ambayo mwaka 1920 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1924 Edith Abbott akawa mkuu wake.

Abbott anastahili kutajwa kwa sababu ya pekee. Kabla ya kujenga shule alikuwa mgeni. Alipokwisha kupata shahada ya udaktari katika elimu ya uchumi, alikwenda London mwaka 1906 kusoma zaidi, akakaa kati ya maskini wa mashariki ya mji huo katika nyumba ya mfano wa Toynbee Hall. Baadaye akahamia Hull House. Basi mtu aliyeifanya elimu ya ustawi wa jamii iwe ya uzamili, yenye sheria, takwimu na uchunguzi, alikuwa mtu aliyeonja kwanza maisha ya ugenini. Kwake huruma na maarifa vilikaa nyumba moja.

Lakini kazi kwa jumla ilielekea upande mwingine. Mwaka 1915 Abraham Flexner, aliyepata sifa kwa uchunguzi wake wa shule za udaktari, aliulizwa kama ustawi wa jamii ni taaluma kamili. Akajibu kwamba bado, kwa kuwa haukuwa na ustadi wake wenyewe unaoweza kufundishwa na kurithishwa. Jibu hilo liliwauma wengi. Miaka miwili baadaye Richmond alitoa kitabu chake cha kuchunguza hali ya mhitaji mmoja mmoja, na shule zikashindana kuonyesha kwamba zina elimu, kanuni na mitihani. Katika mashindano hayo mtu wa kujitolea alianza kutazamwa kama kumbukumbu ya utoto wa kazi: ni vema kwamba alikuwako, lakini ni vema zaidi kwamba umri huo umekwisha. Mlezi wa zamani aliyegonga mlango kwa hisani alimwachia nafasi mtaalamu mwenye faili na mshahara.

Utumishi wa kujitolea haukufa kwa sababu hiyo. Ulipata makao mengine. Mwaka 1920, baada ya vita kuu ya kwanza, Pierre Cérésole wa Uswisi alikusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yakipigana, Wajerumani wakiwamo, wakaenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun katika Ufaransa. Huo ndio mwanzo wa chama cha kimataifa cha utumishi wa kiraia. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianza Uingereza shirika la VSO la kuwapeleka vijana ng'ambo. Kisha ikaja kampeni ya urais ya Marekani ya mwaka 1960, na mikondo miwili iliyoachana ikaanza kukutana tena.

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1960 John F. Kennedy alifika Chuo Kikuu cha Michigan, akasimama ngazini mbele ya umati wa wanafunzi, akawauliza wangapi wako tayari kwenda kutumika Afrika, Asia au Amerika ya Kusini. Hakutoa mpango, alitoa swali. Wanafunzi wawili wa uzamili, Alan na Judith Guskin, mume na mke, waliandika barua katika gazeti la chuo kuwaomba wenzao wajibu, na sahihi zikakusanywa kwa mamia. Yafaa kukumbuka jambo hili, kwani mara nyingi husemwa kwamba wakubwa walibuni na vijana wakafuata. Tarehe 1 Machi 1961 Kennedy, aliyekuwa sasa rais, alitia sahihi amri ya kuunda shirika la Peace Corps, na Sargent Shriver akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Akina Guskin wenyewe walikwenda kutumika Thailand.

Mradi wa kwanza kutangazwa ulikuwa wa Tanganyika. Watu 35, wapimaji wa ardhi, wahandisi na wajuzi wa mawe, walifundishwa katika chuo cha El Paso, Texas, na baadaye Puerto Rico, na miongoni mwa masomo yao kilikuwamo Kiswahili. Mwisho wa Agosti 1961 Kennedy aliwaaga katika bustani ya Ikulu ya Washington pamoja na wenzao waliokuwa wakienda Ghana. Walifika Tanganyika kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, wakaanza kupima njia za barabara. Baada yao wakaja wengine, walimu wengi miongoni mwao.

Ni kweli kwamba wapimaji hao hawakuwa wanafunzi wa ustawi wa jamii. Hata hivyo yaliyowapata wao ndiyo yaliyowapata wote waliokuja baadaye, wale ambao wangeichagua kazi hiyo wakiwamo. Mgeni aliyeingia kijijini na darubini ya kupimia ardhi, au na chaki ya kufundishia, alikuta kwamba kabla hajatumia chombo chake alitakiwa kujua maneno matatu ambayo kila mtoto wa pale aliyajua. La kwanza ni hodi. Mtu haingii penye watu mpaka ameomba, na akiomba asipojibiwa hurudi. La pili ni shikamoo, ambalo humkumbusha kijana mwenye shahada kwamba umri ni elimu, na kwamba anayesaidiwa aweza kuwa mkubwa wake. La tatu ni pole. Neno hili humshangaza mgeni, kwa maana msemaji wake haahidi dawa wala fedha. Asema tu kwamba ameyaona mateso ya mwenzake na kwamba mwenzake hako peke yake.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii asomapo misingi ya kazi yake huyakuta mambo hayo katika mavazi mengine. Mwaka 1957 padre Felix Biestek alitoa kitabu mashuhuri kilichoeleza misingi saba ya uhusiano baina ya msaidizi na mhitaji. Humo kuna kumkubali mtu kama alivyo, kutomhukumu, kuitambua haki yake ya kujiamulia na kuitunza siri yake. Aliyekwisha kubisha hodi kwa miaka miwili hana haja ya kuelezwa sana haki ya kujiamulia ni nini. Aliyekwisha kuambiwa pole, akiwa mgonjwa wa homa mbali na mama yake, anajua huruma isiyodharau ilivyo. Darasani hupewa jina na mpango wa kitu alichokwisha kukipokea mkononi. Wala hakukipokea kutoka kwa shirika lililompeleka, bali kutoka kwa wenyeji waliompa kigoda na uji.

Wenyeji hao hawakuwa watu wa kupokea tu bila ya kupima. Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere aliitaja methali ya kale isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliitaja kuonyesha kwamba katika jamii ya kiafrika hakuna aliyestahili kula pasipo kufanya kazi. Lakini methali hiyo ina upande wa pili umhusuo mtumishi wa kujitolea kwa karibu zaidi. Anayetoa jembe ni mwenyeji. Mgeni hachagui shamba, wala hapangi mbegu. Anashika mpini aliopewa, analima mstari alioonyeshwa, na akikosea hucheka pamoja na wanaomcheka. Mgeni aletaye jembe lake, shamba lake na mpango wake, huyo si mgeni tena. Ametaka kuwa mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ilizidi kuonekana miaka ilipokwenda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka kujitegemea mbele ya misaada, na mwaka 1969 watumishi wa Peace Corps waliondoka Tanzania. Hawakurejea mpaka mwaka 1979. Katika Marekani kwenyewe mashaka yalitoka vinywani mwa waliotumika. Mwaka 1966 baadhi ya waliorudi waliunda kamati yao, wakahoji iwapo serikali inayopigana Vietnam inaweza kupeleka amani kwingine, na mwezi wa Mei 1970 watu wa kamati hiyo waliingia na kuzikalia kwa muda ofisi za shirika hilo mjini Washington.

Lawama kali kuliko zote ilitoka kwa padre Ivan Illich. Mwezi wa Aprili 1968, akizungumza na wanafunzi wa Marekani ya Kaskazini waliojiandaa kwenda kujitolea Mexico, aliwaambia bila ya kuficha kwamba nia zao njema hazina faida kwa wenyeji. Kwa maoni yake, kijana asiyejua hata lugha ya anayemsaidia hawezi kujua kama anachukiwa. Na kama hana budi kufanya kazi na maskini, basi aifanye kati ya maskini wa kwao, wanaoweza kumjibu na kumfukuza kwa maneno anayoyaelewa. Waende Mexico, alisema, kutazama na kujifunza, lakini wasiende kusaidia.

Hoja ya Illich ni chungu, lakini haifai kutemwa upesi. Imegusa udhaifu mkubwa wa utumishi wa ugenini, nao ni kwamba mgeni anaweza kuondoka. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, shirika la Peace Corps liliwaita nyumbani kwa mara moja watumishi wake wote, karibu watu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, jambo ambalo halijapata kutokea tangu lianze. Hakuna wa kuwalaumu kwa kuondoka. Kila mzazi angetaka mwanawe arudi. Lakini siku zile zilidhihirisha kwamba mgeni ana ndege na mwenyeji ana kijiji. Anayejifunza kusaidia watu hana budi kulijua jambo hilo mapema, kwa sababu ofisa wa ustawi wa jamii naye, kila jioni, hufunga faili akaenda kwake, na mhitaji hubaki na shida yake.

Hata hivyo hoja hiyo ilipewa jibu, na jibu lenyewe halikutoka katika majadiliano bali katika kazi. Mwaka 1963, mjini Washington, kikundi cha watumishi waliorejea kutoka ng'ambo kiliwekwa katika shule ya Cardozo, iliyokuwa ya vijana weusi wa mtaa maskini; walifundisha huku wakisomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1964 sheria ya vita juu ya umaskini iliunda shirika la VISTA, la watu wa kujitolea ndani ya Marekani, na Shriver huyohuyo akapewa kuongoza vita hivyo. Yaliyofundishwa na vijiji vya mbali yakaanza kutumika katika mitaa ya karibu. Wakati uleule elimu ya ustawi wa jamii ilikuwa imefungua mlango: mwaka 1962 baraza lisimamialo elimu hiyo Marekani, lililoundwa mwaka 1952, liliitambua kazi ya kuunganisha jamii kuwa sawa na kazi ya kumsaidia mtu mmoja mmoja na kazi ya vikundi. Aliyerudi kutoka ng'ambo akiwa amezoea mikutano ya kijiji chini ya mti aliona kwamba sasa shule ina somo linalofanana na maisha yake.

Baadaye mpango huo ukapata sura ya kudumu. Mwaka 1985 chuo cha walimu cha Columbia kilianza kuwapa waliorejea nafasi za masomo ya uzamili kwa sharti la kufundisha katika shule za New York zenye uhaba. Vyuo vingine vikafuata, vya ustawi wa jamii vikiwamo, na mpango wenyewe sasa unaitwa kwa jina la Paul Coverdell, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika hilo kutoka mwaka 1989 hata 1991. Mwanafunzi hupunguziwa ada. Naye, akiwa anasoma, lazima atumike katika jamii ya Kimarekani iliyopungukiwa. Mpango wa pili ulianza mwaka 1987 na kumalizika mwaka 2016. Humo mwanafunzi alisoma kwanza, akaenda ng'ambo, kisha akarudi kumaliza shahada. Katika mpango ule utumishi ulikuwa mlango wa shule. Katika huu ulikuwa chumba cha kati cha nyumba hiyohiyo.

Mtu akitazama vizuri ataona kwamba mpango wa Coverdell, pengine bila ya kukusudia, umemjibu Illich kwa kumtii nusu. Unamwambia mtumishi: umekwenda mbali, umefundishwa, sasa rudi kati ya watu wa kwenu, wenye lugha yako, wanaoweza kukukatalia bila ya mkalimani. Huko ndiko itakakojulikana kama ulijifunza kweli. Mgeni aliyejua kubisha hodi Songea na akasahau kubisha hodi Chicago hakujifunza hodi; alijifunza desturi ya Songea.

Hapa ndipo hatari za uzoefu wa ugenini huonekana. Wako wanafunzi wanaoshika miaka yao ya ng'ambo kama mshale wa kuchoma kila hoja darasani. Mwenzao aliyezaliwa katika mtaa maskini wa mji uleule akizungumza, wao huleta habari za kijiji kisichokuwa na maji, kana kwamba umaskini hupimwa kwa mizani moja na aliyeuona ulio mkubwa ndiye mwenye kauli. Wako wengine wanaowafananisha wahitaji wa Marekani na wenyeji wao wa zamani, wakawaona wale kuwa walalamishi na hawa kuwa wastahimilivu. Hilo ni kosa juu ya kosa. Aliyestahimili kijijini hakustahimili ili awe fimbo ya kumpigia mwingine, na uchangamfu aliouonyesha mbele ya mgeni haukuwa hesabu kamili ya moyo wake. Ada ya mwenyeji mwema ni kuficha njaa yake mgeni akiwapo.

Kwa sababu hizo baraza la elimu ya ustawi wa jamii Marekani limeweka kanuni inayowaudhi wengi. Chuo hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi alama za masomo kwa ajili ya maisha aliyoishi au kazi aliyoifanya kabla. Mtumishi wa Peace Corps hukaa ng'ambo kwa kawaida miezi 27, mitatu ya mafunzo na miaka miwili ya kazi. Shahada ya uzamili hudai saa zisizopungua 900 za mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Katika zile saa 900, miezi 27 haihesabiwi hata kwa saa moja. Mlalamikaji husema kwamba hii ni dhuluma: chuo kinajisifia uzoefu wake katika matangazo, kisha kinaukana katika daftari.

Malalamiko hayo yana haki yake, lakini kanuni nayo ina busara. Uzoefu si elimu mpaka umeulizwa. Mtu aweza kuishi miaka kumi katika kosa lilelile na kuiita miaka hiyo uzoefu. Msimamizi wa mafunzo humfanya mwanafunzi aeleze kwa nini alisema hili na si lile, alikasirika wapi, alimpendelea nani, na ni lini aliyafanya mambo kwa ajili ya kujisikia mwema. Huko kijijini hakukuwa na mtu wa kumuuliza hivyo kila juma. Kumbe kanuni hii hairudishi nyuma thamani ya utumishi. Inakataa tu kuuchukua mkaa kabla haujapozwa na kupimwa.

Upungufu wa kanuni uko kwingine. Imejua kwamba uzoefu lazima uulizwe, ila haijasema mwulizaji awe nani. Katika masimulizi yote haya, kutoka Michigan hata Columbia, shahidi mmoja hajaitwa. Mwanafunzi huandika insha ya kuomba nafasi akieleza alivyobadilika, walimu huisoma, kamati huamua. Wale waliomfundisha kuomba hodi hawaisomi insha hiyo, wala hawajui kwamba wamo ndani yake. Hawakutaka ada, na hawatapewa cheti. Tangu mwaka 1961 watu zaidi ya 240,000 wametumika katika shirika hilo moja, nchi zaidi ya 140. Hesabu ya waliotumika imehifadhiwa. Hesabu ya waliowapokea, wakawapikia, wakawauguza na kuwafundisha lugha, haimo katika kitabu chochote, nayo bila shaka ni kubwa kuliko ile.

Si kwamba hakuna dalili ya mageuzi. Mwaka 2014, katika mkutano wa Melbourne, vyama vya dunia vya ustawi wa jamii vilikubaliana juu ya maelezo mapya ya kazi hii, yakayahesabu maarifa ya wenyeji kuwa miongoni mwa misingi yake pamoja na sayansi za jamii. Neno hilo limechelewa, lakini limesemwa. Na Dar es Salaam kuna mfano wa namna ya kulitenda. Tanzania ilianzisha kwa sheria ya mwaka 1973 chuo chake cha ustawi wa jamii. Katika miaka ya 2000, ukimwi ulipoacha yatima wengi na maofisa wa ustawi wakiwa wachache mno, chuo hicho kilishirikiana na kitivo cha Chicago kiitwacho kwa jina la Jane Addams katika kuwafundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii, watu wa vijiji na mitaa waliopewa mafunzo mafupi ili wawaangalie watoto wa jirani zao.

Msaada huo ni wa namna nyingine. Wageni walikuja, lakini hawakuja kuwa watumishi mahali pa wenyeji. Walikuja kuwa wenzi wa walimu wa pale, na mikono iliyokwenda nyumbani kwa yatima ilikuwa mikono ya jirani asiyekuwa na ndege ya kumrudisha kokote. Hapo jembe lilishikwa na wote wawili, na shamba lilijulikana ni la nani. Fikira ya Barnett, kwamba msaidizi mwema ni jirani kwanza, ilikuwa imevuka bahari mara mbili. Ilipofika pwani ya Afrika haikuwa ngeni, kwa sababu ujirani hapo haukungoja kuletwa na meli.

Basi mwanafunzi aliyetumikia ugenini anapoketi darasani kusomea ustawi wa jamii, hakuketi peke yake. Nyuma yake wamesimama Bwana Maendeleo aliyempeleka mkutanoni, mama aliyemsahihisha maamkizi, na wazee waliolisikiliza wazo lake kwa adabu na kuliacha lipite. Shahada atakayoipata itakuwa na jina lake na jina la chuo, na ni haki iwe hivyo. Lakini kila atakapobisha hodi mlangoni kwa mhitaji, akangoja kujibiwa, na akiambiwa leo hapana akarudi bila ya kinyongo, atakuwa amelipa sehemu ya deni ambalo hakuna aliyemdai. Na chuo kitakachoanza kuwauliza wenyeji, si kuwahesabu tu, kitakuwa kimelipa sehemu yake.